Ukili Uliotoka Dirishani

Bibi yangu, Bi Hija, alifariki siku ya Jumanne alasiri, wakati mimi nafua sare zangu za shule uani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo ilikuwa kama siku nyingine zote za nyumbani kwetu Mbagala. Mama alikuwa anachambua mchele. Mdogo wangu Talha alikuwa anasukuma gari lake la makopo. Bibi alikaa kibarazani, miguu ameinyoosha, anasuka ukili.

Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa majani makavu ya ukindu. Ukishakuwa mrefu wa kutosha, hushonwa ukawa mkeka. Bibi alijifunza kazi hiyo kwao Rufiji akiwa mdogo kuliko mimi, na alikuwa anaweza kusuka huku anaongea, huku anatazama barabarani, hata huku anasinzia. Ukili aliomaliza aliuviringisha kama tairi na kuuweka chini ya kitanda chake.

"Farida," aliniita, "niletee maji ya kunywa, mama'ngu."

"Nakuja, Bibi. Namalizia kola."

Nilipofika na kikombe, kichwa chake kilikuwa kimeinama juu ya ukili, kama mtu anayetafuta kosa kwenye msuko wake. Vidole bado vimeshika jani. Miguuni pake walilala paka wake wawili wadogo, Tangawizi na Makaa. Mama yao aligongwa na pikipiki wakiwa bado wananyonya, na Bibi ndiye aliyewalea kwa maziwa na kipande cha kitambaa. Hawakuamka. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Bibi alizikwa kesho yake. Siku ya tatu, baada ya kisomo, shangazi yangu Mwamvita alisimama mbele ya chumba cha Bibi. Yeye ndiye mkubwa kwa watoto wa Bibi. Anaishi Kunduchi, anakaanga samaki, na sauti yake huisikia hata aliye nyumba ya tatu.

"Vitu vya mama haviguswi," alisema. "Chumba hiki kitafunguliwa siku ya arobaini, mbele ya watoto wake wote, tugawane kwa heshima."

"Ondoka na ufunguo, wifi," Mama alijibu haraka. "Mie ni mkwe tu hapa. Sitaki kesho isemwe Mama Farida kaficha kitu."

Shangazi alifunga mlango, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akaondoka nao mpaka Kunduchi. Siku iliyofuata Baba aliwasha lori lake kwenda Tunduma. Tukabaki watatu, na paka wawili.

Sasa nitasema nilichofanya.

Dirisha la chumba cha Bibi linatazama uani. Lina nondo, na nje ya nondo kuna ubao wa kufungua na kufunga. Komeo lake lilikuwa limelegea siku nyingi, na mimi nilijua kwamba ukipitisha kijiko kwenye upenyo, linainuka. Jumamosi, Mama alipokwenda sokoni, nililiinua. Nikaingiza mkono kati ya nondo na kuvuta kanga ya Bibi ya zambarau, ile iliyokuwa inaning'inia kwenye kamba juu ya kitanda. Ilinukia udi na mafuta ya nazi. Nikarudisha ubao kama ulivyokuwa, ila komeo halikushuka tena. Nikajisemea, si kitu, kwa nje linaonekana limefungwa.

Nikaificha kanga ndani ya foronya ya mto wangu. Usiku nilikuwa naweka uso hapo mpaka usingizi unanichukua.

Wiki moja ikapita kimya. Kisha usiku mmoja Talha akanishika bega.

"Dada. Bibi anasuka."

"Lala, Talha."

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Kutoka upande wa pili wa ukuta ilikuja sauti tuliyoijua tangu tuzaliwe. *Shaa.* Kimya kidogo. *Shaa.* Ni ukindu ukivutwa juu ya sakafu ya saruji. Mtu akisuka, kila baada ya muda huvuta ukili wake na kuusogeza pembeni, na hiyo ndiyo sauti yake. *Shaa.* Halafu kitu kikaanguka, na mtoto mchanga akalia mara moja, akanyamaza.

Nyumbani kwetu hakukuwa na mtoto mchanga.

Mama alikuja na tochi ya simu. Tukasimama watatu mbele ya mlango uliofungwa. Sauti ilikoma pale pale, kama mtu wa ndani amesikia nyayo zetu na anatusubiri tuondoke.

"Ni paka," Mama alisema, lakini alisema polepole.

Usiku uliofuata, ili kuhakikisha, aliwachukua Tangawizi na Makaa mwenyewe, akawafungia kwenye banda la jiko, akaegemeza jiwe mlangoni. Saa saba za usiku sauti ilianza tena. *Shaa. Shaa.* Safari hii kulikuwa na mbio pia, nyepesi, kutoka ukuta mpaka ukuta. Asubuhi Mama alikwenda jikoni. Jiwe lilikuwa mahali pake. Akafungua mlango, na paka wote wawili walikuwa wamejikunja kwenye ungo, wamelala fofofo.

Mama aliweka mkono kifuani.

"Basi si hawa," alisema.

Baba alipopigiwa simu alicheka. "Panya hao. Nikirudi nitatega." Lakini hakuwa anarudi mpaka karibu na arobaini, na kulala ni kila siku. Mama aliunguza maharage mara mbili kwa wiki moja. Talha alirudishwa nyumbani na mwalimu wake kwa sababu alilala juu ya dawati mpaka akaanguka. Mimi nilikuwa naandika ubaoni na kusahau nilichokuwa naandika. Sote tulihamia kitanda kimoja, chumbani kwa Mama, na bado tulisikia.

Wenzangu waliogopa wasichokijua. Mimi niliogopa ninachokijua. Niliamini Bibi amerudi kutafuta kanga yake.

Jumamosi moja asubuhi nilitoka kufagia uwanja, nikaona kitu kimetoka kwenye dirisha lake. Kilikuwa ncha ya ukili. Ilining'inia kati ya nondo mbili, urefu wa mkono wangu, ikitikiswa na upepo. Sikumwambia mtu. Nikajifanya sijaona, nikafagia upande mwingine.

Jumapili asubuhi ukili ulikuwa umefika chini.

Jirani yetu, Mama Jonas, alipita uani kwetu akitoka kanisani, bado amevaa kitambaa cha kwaya. Huyu ndiye mama aliyetuletea uji wakati wa msiba siku tatu mfululizo. Aliutazama ule ukili kuanzia juu mpaka chini.

"Mama Farida," aliita, "chumba kile si kimefungwa?"

"Kimefungwa. Ufunguo uko Kunduchi."

"Sasa nani anasuka humo ndani?"

Mama Jonas alirudi nyuma hatua tatu kabla ya kugeuka, akatoka mbio na viatu vyake vya kanisani.

Jumatatu shule nzima ilijua. Jonas tulisoma naye darasa moja.

"Farida!" aliniita wakati wa mapumziko. "Mwambie bibi yako anisukie na mie kapu la madaftari!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Usimguse huyo, Jonas, utachukuliwa usiku!"

"Mie sina shida naye. Ila mama kasema wale paka si paka. Kasema bibi kizee anayezungumza na paka kila jioni, huyo ana mambo yake."

"Bibi yangu hakuwa mchawi," nilisema.

"Nani kataja uchawi? Umetaja wewe!"

Siku hiyo sikula. Nilikaa nikimfikiria Bibi akiulizwa huko aliko, kwa nini anasemwa hivi. Nikaamua kurudisha kanga.

Jioni, kabla ya magharibi, Mama alipoingia kuoga, niliitoa kanga kwenye foronya nikaenda dirishani. Uani kulikuwa kimya. Nikavuta ubao kidogo. Ndani kulikuwa na giza na harufu ile ile ya udi. Nikaikunja kanga, nikapitisha mkono wangu kati ya nondo.

"Bibi," nilinong'ona, "nisamehe. Kanga yako hii hapa."

Kanga ikavutwa.

Haikudondoka. Ilivutwa, kwa nguvu ndogo, kutoka upande wa pili. Nilitaka kutoa mkono lakini mkono haukutii. Ikavutwa tena. Kisha kitu kikanikwaruza, na nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi.

Nilitazama mkono wangu. Juu ya kiganja kulikuwa na mistari mitatu myembamba, na damu kidogo inatoka. Mistari hiyo nilikuwa naijua. Tangu Makaa anafika nyumbani kwetu, amenichora hivyo si chini ya mara ishirini.

Nikainuka taratibu nikachungulia. Macho mawili ya kijani yalinitazama kutoka kitandani kwa Bibi. Pembeni yake Tangawizi alikuwa ameng'ata pindo la kanga, anaipigapiga kwa miguu ya nyuma.

Hapo mambo yote yakaniingia kichwani kwa mpangilio. Ubao usio na komeo. Nondo ambazo mtu hapiti lakini paka mdogo anapita. Na banda la jiko, ambalo mabati yake hayagusi ukuta. Wanatoka kwa juu, wanakwenda kucheza, alfajiri wanarudi kwa juu kulala kwenye ungo wenye joto.

Nilipaswa kufurahi. Lakini wazo lililokuja kwanza halikuwa zuri. Kanga imerudi. Siku ya arobaini itakutwa ndani. Nikirudishia dirisha vizuri, nikanyamaza, hakuna atakayejua kwamba nilichukua kitu cha marehemu kabla ya ndugu hawajagawana.

Nikawaita paka wakatoka, nikaurudisha ukili ndani, nikalisukuma komeo kwa kijiko mpaka likashuka, nikanyamaza.

Usiku huo chumba kilikuwa kimya. Paka walilia na kukimbia juu ya bati mpaka alfajiri, lakini chumba kilikuwa kimya. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika arobaini. Kwetu, siku ya hitima, yaani kisomo cha arobaini, wanawake wa mtaa huja tangu alfajiri. Huyu anamenya vitunguu, yule anatwanga viungo, wengine wanasimamia sufuria za pilau. Mtu mmoja hawezi. Mama alipita nyumba kwa nyumba kuwaalika. Alirudi jioni, akakaa kwenye kibaraza, mahali pa Bibi.

"Mama Jonas mgongo unamuuma," alisema, kama anahesabu vitu vilivyopotea. "Bi Avelina anasafiri. Wa dukani ana mgeni. Nyumba tisa, Farida. Nyumba tisa zote zina udhuru siku moja." Akafuta macho kwa kiganja. "Mwanamke kakaa mtaa huu miaka thelathini, kawalea watoto wao, kawashonea mikeka ya harusi. Leo wanaogopa kumuombea dua."

Talha alikuja akamkalia mapajani.

Nilitazama mkwaruzo mkononi kwangu. Ulikuwa umeanza kukauka.

"Mama," nilisema. "Ni mimi."

Nikamweleza. Kijiko, kanga, komeo, paka. Nikamalizia na siku mbili nilizonyamaza huku najua ukweli. Mama hakunipiga. Alitoa simu, akabonyeza, akanipa.

"Mwambie shangazi yako mwenyewe."

Upande wa pili nilisikia mafuta yakichemka na samaki wakikaangwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema haraka, nina wateja."

Nikasema, lakini si haraka. Nilipomaliza, mafuta yalikuwa hayasikiki tena. Alikuwa amesogea pembeni.

"Nakuja kesho," alisema, akakata.

Alikuja alasiri, ufunguo kwenye pindo, mfuko wa vichwa vya samaki mkononi. Hakuingia kwetu kwanza. Alikwenda mpaka kwa Mama Jonas na sauti yake ile.

"Jirani! Njoo. Umeona ya nje, njoo uone na ya ndani."

"Dada yangu, mie mgongo—"

"Mgongo utakuja nao. Njoo."

Sauti ile iliwatoa na majirani wengine. Kabla ya kufungua mlango, Shangazi aliniambia nifungue lile dirisha kama nilivyolifungua siku ile, kwa kijiko kile kile, huku watu wote wanatazama. Ubao ulipofunguka tu, Makaa alitoka nyuma ya ndoo, akaruka, akajipenyeza kati ya nondo na kupotea ndani. Tangawizi akamfuata. Talha akacheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi.

Kisha Shangazi akafungua mlango.

Ukili wa Bibi ulikuwa umetapakaa chumba kizima. Ulianzia chini ya kitanda, ukazunguka miguu ya kabati, ukapita juu ya shuka, ukaenda mpaka dirishani. Ulikuwa umetafunwa hapa na pale. Sanduku dogo la udi lilikuwa limeanguka. Na katikati ya tairi la ukili lililobaki, Makaa alikuwa ameshajilaza, anatutazama kama sisi ndio tumemsumbua.

Mama Jonas aliweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," alisema. "Ni hivi tu?" Kisha akakaa chini mlangoni, akalia kwa sauti. "Mie mama huyu kanishonea mkeka wa Jonas alipozaliwa. Mimi! Na mdomo wangu huu!"

"Inuka, jirani," Shangazi alimwambia. "Hofu ilikuwa ya kila mtu."

Akaokota kanga ya zambarau, akaikung'uta manyoya, akaitundika kwenye kamba yake.

"Kanga hii itabaki humu mpaka arobaini," aliniambia. "Siku hiyo nitasema mbele ya ndugu zangu kwamba unaitaka, na kwa nini. Wakikubali utapewa."

"Sawa, shangazi."

Mama alikuwa tayari ameshika kiroba. "Na hawa paka, wifi, kesho nampa kijana wa bodaboda akawamwage sokoni Buguruni. Nimechoka. Hata bila chumba hiki, wanakimbia juu ya bati usiku kucha."

"Mama yangu alipokuwa hai walikuwa wanakimbia?"

Mama alifikiri. "Hapana. Walikuwa wanalala kama watu."

"Alikuwa anawafanyaje?"

Hakuna mtu mzima aliyejua. Wakanitazama mimi. Nikafumba macho nikamwona Bibi kibarazani baada ya magharibi, anavuta jani refu la ukindu sakafuni, huku na huku, anazungumza nao. Paka wanalirukia, wanalikosa, wanalirukia tena, mpaka wanahema. Tulidhani anacheza. Baada ya isha anawapa vichwa vya samaki, na hapo hapo wanalala.

"Alikuwa anawachosha," nilisema.

"Ndiyo," alisema Shangazi. "Paka mdogo analala mchana kutwa, usiku ndiyo asubuhi yake. Sasa nyie mnawapa makombo asubuhi, wanashiba, wanalala, halafu usiku mnashangaa. Ule haukuwa mchezo. Ile ilikuwa kazi, na mlilala kwa sababu yake."

Mama alikiweka kiroba chini.

Jioni hiyo nilianza. Usiku wa kwanza walikimbia vile vile. Wa pili walilia kidogo tu. Wa tatu niliamka kwa adhana ya alfajiri, na Mama alikuwa bado anakoroma.

Siku ya arobaini Mama Jonas alifika saa kumi na moja alfajiri, kabla ya wote, na kisu chake mwenyewe cha vitunguu. Jonas alibeba maji ndoo sita na hakutaja kapu. Nyumba tisa zote zilikuja. Dua iliposomwa, watu walijaa mpaka barabarani.

Jioni, wakati tunakusanya sufuria, Shangazi aliniita kando, akanivika ile kanga mabegani.

"Nisikilize, Farida. Kuchukua kanga lilikuwa kosa la mtoto mwenye huzuni, na watoto wa marehemu wamelisamehe. Lakini ulijua ukweli siku mbili, ukaufungia kama tulivyofungia chumba hiki. Watu wasipoambiwa kilichomo ndani, watajaza wenyewe, na watajaza kibaya. Anayeumia si wewe uliyenyamaza. Anaumia asiyeweza tena kujitetea. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

"Nimekusikia, shangazi."

Nimemaliza shule ya sekondari sasa. Chumba kile nalala mimi. Ule ukili uliotafunwa niliukata palipoharibika, nikashona mkeka mdogo, upana wa kulala paka mmoja, kwa sababu Tangawizi alikufa mwaka jana. Makaa ni mzito na mvivu, lakini kila siku baada ya magharibi anakuja kukaa kibarazani na kunitazama mikono. Nachukua jani la ukindu, namvutia. Kisha naenda kushusha komeo la dirisha.